Asubuhi isiyo na fujo, mtoto asiyeungua: maswali na majibu

Maswali haya huulizwa na wazazi wanaofika chumba cha vidonda katika kituo chetu cha afya hapa Pemba, ninapowaambia waweke utaratibu wa asubuhi ili watoto wasiungue. Mengine huulizwa kwa upole, mengine kwa hasira, na mengine mtoto akiwa analia mapajani.

Huo utaratibu wa asubuhi ni kitu gani? Si watu huamka tu wakaenda zao?

Ni mambo yale yale, kwa mpangilio ule ule, kila siku ya skuli: kuamka, choo, kuoga, kusali, kuvaa, kunywa chai, kutoka. Mtoto akishajua kinachofuata, hangoji kuambiwa na wewe hupazi sauti. Hakuna zaidi ya hapo.

Hayo si mambo ya malezi? Yanamhusu nini muuguzi?

Yananihusu kwa sababu mimi ndiye ninayefunga bandeji. Watoto wadogo wanaoletwa kwetu wameungua, wengi wameungulia nyumbani, tena kwa vitu vya maji: chai, uji, maji ya kuoga, mafuta ya maandazi. Ukimuuliza mama ilikuwaje, jibu ni lile lile: "Tulikuwa tunakimbizana na skuli."

Hebu itazameni hiyo nusu saa. Jiko limechelewa kuwaka. Mkubwa anatafuta kiatu cha pili. Pasi iko chini, bado ya moto, waya umepita katikati ya ukumbi. Birika liko mkekani. Na mdogo, ambaye hakuna anayemtazama, anatambaa kulifuata. Huyo mama si mzembe. Vitu vya moto vimekusanywa pamoja na watoto mahali pamoja, kwa wakati ule ule ambao kila mtu ana haraka.

Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yako. Chai iliyomiminwa robo saa nyuma, ambayo wewe unaiona imepoa, yeye bado inaweza kumbabua.

Basi nianzie wapi?

Anzia usiku. Mama anayeanza kupanga asubuhi baada ya adhana ya Alfajiri ameshachelewa.

Pasi ipigwe usiku, wadogo wakiwa wamelala, kisha iwekwe juu ipoe. Viatu viwili (viwili, nasema) viwe mlangoni. Mkoba ufungwe na madaftari ndani. Mtandio na pini zake, kofia, vyote viwe mahali pamoja. Ndoo za maji zijazwe. Muhogo au viazi vya asubuhi vimenywe kabisa. Kazi hii haizidi nusu saa, na nusu saa ya usiku haina mtoto anayelia wala gari inayoondoka.

Halafu kulala. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kwa siku. Wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13, ukihesabu na usingizi wa mchana. Piga hesabu mwenyewe: akiamka saa 11 alfajiri, lazima awe amelala saa 2 usiku ili apate hizo 9. Yaani akishakula na kusali Isha, alale. Nawajua watoto wa darasa la pili wanaokaa na simu mpaka saa 5, na wengine hupelekwa barazani kutazama mpira wa Simba na Yanga, kisha asubuhi tunashangaa hawaamki.

Kwetu jua halibadiliki sana. Kati ya mwezi linapowahi kuchomoza na mwezi linapochelewa, tofauti haifiki saa moja, kwa hiyo saa ya kuamka inaweza kuwa moja mwaka mzima. Hata Jumamosi na Jumapili msiiachie sana, maana Jumatatu mtaanza upya.

Mwanangu haamki mpaka nimchape.

Mwanao hajalala ya kutosha. Fimbo haiongezi usingizi. Fungua dirisha, washa taa, mwite kwa jina, mpe dakika kumi, umwite tena. Akiwa amelala mapema wiki nzima na bado yuko hoi kila asubuhi, anapauka, anahema akipanda kilima, au anakojoa damu, mlete tumpime damu, mkojo na choo. Kichocho kipo Pemba na minyoo ipo, na vyote viwili vinamaliza damu ya mtoto. Msiseme mvulana kukojoa damu ni kukua.

Anyweshwe chai gani asubuhi?

Anywe akiwa amekula. Viazi vitamu, muhogo, uji wa mtama, yai likipatikana, samaki wa jana. Chai ya rangi kikombe kizima na andazi moja si chakula, tena hiyo chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula. Mtoto mwenye upungufu wa damu asinywe chai pamoja na chakula.

Mimi sina meza. Jiko liko chini uwani na chai tunanywa mkekani. Nitaepukaje?

Wengi wetu tuko hivyo, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Jiko liwe pembeni, lizungukwe na kitu: ukuta upande mmoja, matofali au ubao upande wa pili. Anayepika asibebe mtoto mgongoni wala ubavuni. Akimaliza, chai iingie kwenye chupa ya chai yenye kifuniko, birika na sufuria vibaki huko huko jikoni. Vikombe vimiminwe kule kule, vije mkekani kimoja kimoja, kila kimoja kwa mtu anayeweza kukishika. Mkekani pasikae chombo cha moto kilicho wazi. Mdogo anayetambaa awe mikononi mwa mtu ambaye wakati huo hanywi chai, maana wengi huungua wakiwa wamepakatwa: mzazi ameshika kikombe, mtoto amekidaka.

Maji ya kuoga: baridi kwanza kwenye ndoo, moto baadaye, kisha utie kiwiko chako. Anayeanza na maji ya moto "halafu nikaleta ya baridi" ndiye ninayekutana naye, kwa sababu katikati ya hapo mtoto ameshaingia.

Na maandazi ya kukaanga asubuhi ya skuli, tafadhalini, yaacheni. Kaangeni jioni. Karai la mafuta na watoto wanaokimbia haviwezi kukaa uwa mmoja.

Wa miaka minane ananisaidia kumimina chai. Anaweza sana.

Hawezi. Ana mikono midogo na birika zito. Mpe kazi ya kumvisha mdogo wake viatu. Msimu wa karafuu mambo huzidi, mama na baba wanawahi shamba giza halijatoka, mtoto wa miaka minane au tisa anaachiwa jiko na wadogo watatu. Siku hizo chai iachwe tayari ndani ya chupa, au watoto wale kwa bibi au jirani. Jiko liwe limezimwa kabla hujatoka.

Na baba?

Baba akirudi kutoka msikitini, amshike mdogo. Kazi hiyo moja tu ingenipunguzia wagonjwa.

Akiungua, nimpake nini?

Usimpake kitu. Maji. Maji ya kawaida, safi, yanayotiririka juu ya palipoungua, dakika 20. Tazama saa. Dakika 20 ni ndefu, mtoto atalia, jirani atakuja na ushauri wake. Endelea kumwagia.

Hata dawa ya meno? Si inapoza?

Hata dawa ya meno. Ule ubaridi ni wa kusikia tu, moto uko ndani ya ngozi na unaendelea kuunguza. Dawa ya meno inaufunika, inakauka, inaganda, na mimi nalazimika kuikwangua juu ya kidonda kibichi ili nione kilichoko chini. Mnataka nifanye hivyo kwa mtoto wa miaka miwili? Maji, dakika 20.

Ute wa yai? Unga wa ngano? Mafuta ya nazi?

Hapana, hapana, na hapana. Yai bichi lina vijidudu. Unga unagandamana. Mafuta yanazuia joto kutoka. Maji, dakika 20.

Asali je? Imetajwa kwenye Qur'ani kuwa ni ponyo.

Imetajwa, na mimi pia naamini. Lakini dakika zile za mwanzo kazi ni moja, kutoa joto, na asali haitoi joto. Ya kupaka kidonda tuachieni tuamue kituoni. Akipona ale na mkate, mradi awe ametimiza mwaka mmoja, maana mtoto wa chini ya mwaka halishwi asali kabisa.

Asubuhi bomba letu halitoki maji.

Ndiyo maana nikasema ndoo zijazwe usiku. Chukua kopo, mwagia taratibu, weka beseni safi chini, yakiisha kwenye ndoo rudia yale ya beseni. Ndoo moja inatosha mkono wa mtoto. Wakati huo sehemu nyingine za mwili zifunikwe kanga asipate baridi, hasa mtoto mchanga.

Barafu si ndiyo bora zaidi?

Barafu inaongeza jeraha. Maji ya kawaida.

Nguo nimvue?

Ndiyo, haraka, na maji yakiendelea. Nguo iliyolowa chai ya moto inaendelea kumuunguza. Iliyogandamana na ngozi iacheni, msiivute. Bangili, shanga, uzi wa hirizi, saa, vyote vitoke mapema kabla hapajavimba. Hirizi mtamvisha tena baadaye. Uzi ukikaza kwenye mkono uliovimba, damu haipiti.

Malengelenge niyapasue?

Yaache. Baada ya zile dakika 20 funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kanga safi iliyofuliwa inafaa, bila kukaza.

Nimlete lini? Tuliona tungoje kwanza tutazame.

Neno hilo, "tungoje tutazame", ndilo linaloleta watoto siku ya tatu wakiwa na homa na kidonda kinanuka. Mtoto mdogo aliyeungua analetwa leo. Leo hii, baada ya maji, kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote.

Narudia kwa wale wenye nia ya kungoja. Akiwa ametoa malengelenge, leo. Ikiwa ni uso, mkono, mguu, kiungo kinachokunja au sehemu za siri, leo. Pakiwa pakubwa kuliko kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole, leo, hata kama ni mgongoni. Pakiwa peupe au peusi na yeye halii ukipagusa, usishukuru kwamba hapaumi. Hapo moto umekwenda chini zaidi, na huyo mkimbize hospitali moja kwa moja. Hospitali ziko Wete, Chake Chake na Mkoani. Mlioko visiwa vidogo, Kojani au Kisiwa Panza, maji kwanza, dakika 20, chombo cha kuvukia kikiwa kinatayarishwa.

Kiganja kilichoungua kikiachwa kijiponee chenyewe, kovu linavuta vidole vikakunjamana, na mtoto anakua hawezi kushika kalamu. Tukikiona mapema tunakifunga vidole vikiwa vimetenganishwa, na tunamwonyesha mama mazoezi ya kuvinyoosha. Baada ya miezi kadhaa hakuna bandeji ya kukirudisha, hapo ni upasuaji.

Nimpe dawa ya maumivu?

Parasitamo ya mtoto, kwa kipimo cha uzito wake. Si aspirini.

Imeshapita saa moja na tayari nimempaka dawa ya meno. Sasa naona haya kuja.

Njoo. Maji bado yanasaidia mpaka saa 3 baada ya kuungua, kwa hiyo ioshe kwa maji mengi bila kusugua, mmwagie dakika 20, kisha mfunike na mtoke. Sikuahidi kwamba sitanuna, ila mwanao atatibiwa sawa na wengine. Utakachoulizwa ni vitu vitatu: aliungua saa ngapi, kwa kitu gani, na alipakwa nini. Sema kweli hicho cha tatu. Na kadi yake ya chanjo uje nayo, tutazame pepopunda.