Kujaribu sasisho si kazi ya wataalamu peke yao

Wengi huamini kwamba anayejaribu sasisho kabla halijatolewa rasmi lazima awe anajua kuandika programu. Sivyo hata kidogo. Chukua Fedora, mfumo endeshi wa kompyuta wa jamii ya Linux. Sasisho jipya huwekwa kwanza kwenye hazina ya majaribio iitwayo updates-testing, na kwa toleo ambalo tayari watu wanalitumia, kwa kawaida hukaa humo hadi siku 7 zipite au lipate kura za kutosha. Kura hupigwa kwenye tovuti ya Bodhi: +1 likifanya kazi, −1 likiharibu kitu kilichokuwa kizima.

Sasa, mwandishi wa programu hana printa yako. Hana ile kompyuta ya mtumba ambayo Wi-Fi yake hukatika ukiifunika na kuifunua tena. Wewe unayo, na taarifa hiyo ndiyo anayoihitaji. Eleza ulichofanya, kilichotokea na namba ya toleo. "Haifanyi kazi" pekee haimsaidii mtu. Wala +1 si kujipendekeza, maana ukimya hauonyeshi kama kuna aliyejaribu. Ila kama ni kompyuta ya kazi, hifadhi kwanza nakala ya mafaili yako.