Hampigi, Halewi, Kamjengea: Sasa Analia Nini?

Mimi ni mshauri wa ndoa, na swali hilo nimeulizwa na wakwe, mashemeji, wazee wa kanisa, mashehe, na wiki hii nimeulizwa na mwanasheria kijana ambaye nilitegemea angekuja na jipya. Mume hampigi, halewi, hana mchepuko. Kamjengea vyumba vinne, fensi na geti. Watoto wanafuatwa na basi la shule mlangoni. Sasa huyu mwanamke analia nini?

Najibu hapa mara moja, ili atakayefuata nimtumie makala haya niendelee na chai yangu.

Anayepigwa hayamhusu haya. Huyo aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, mengine baadaye. Mchepuko nao una washauri wake, wengine wanatangaza mpaka redioni. Mimi nazungumzia nyumba isiyo na mkosaji.

Na hapo ndipo watu wanaponishinda. Hatuamini kwamba ndoa inaweza kuharibika bila mtu kuiharibu. Tunamsaka mkosaji, na asipopatikana tunamtengeneza: mke ana kiburi cha shule, mume kakamatwa na mama yake, siku hizi simu anaificha. Wanandoa wenyewe hufanya hivyo mbele yangu. Nimemsikia mwanaume akikiri ulevi ambao hana, kwa sababu bia mbili za Ijumaa ni rahisi kuzieleza kuliko kusema kwamba jioni, akikaribia kituo cha kwake, anatamani daladala ipitilize.

Wateja wangu wengi wanakaa pembezoni mwa Dar es Salaam: Goba, Madale, Bunju, Kibamba, Chanika, Kigamboni ya ndani huko. Sensa ya 2012 ilihesabu mkoani watu 4,364,541, ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728, na hilo ongezeko la milioni moja halikupata kiwanja Kinondoni. Kuanzia enzi za ule mradi wa serikali wa kupima viwanja 20,000, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtu mwenye mshahara wa kati akitaka chake anakwenda mbali. Mpango wenyewe mnaujua, sina haja ya kuueleza. Kamati ya harusi ikishavunjwa tu unaanza: kiwanja, msingi, boma, lenta, kupaua, halafu mnahamia hivyo hivyo bila dari. Mkopo wa mshahara unakopwa mpaka ile theluthi ya mshahara inayotakiwa kubaki, inabaki theluthi kweli. Kila kingine kinasogezwa mbele. Masomo yake, biashara yake, bendi yake. Tujenge kwanza.

Wanandoa fulani (nimebadilisha yanayowatambulisha, na wameniruhusu) walikuja na daftari. Kaunta buku lenye jalada jeusi, limechakaa pembeni, bado lina madoa ya saruji. Mume alilileta kama ushahidi. Ndani, kwa mwandiko safi wa mtu wa ugavi: tripu za mchanga, kokoto, nondo za milimita 12, mabati ya geji 28, chakula cha mafundi, “fundi kakimbia”. Kila mstari una tarehe. Mke akalivuta, akafungua bila kupekuapekua, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: “Hela ya cherehani: misumari na mbao za kenchi.”

Ilikuwa hela ya mchezo (upatu) wa kazini, zamu yake ilipofika. Alikuwa anunue cherehani ya ovaloki, apate fremu Sinza, aachane na kazi ya mapokezi. Masika yalikuwa yanakaribia na boma lilikuwa wazi. Mume alimwomba, akasema sawa. Hakulazimishwa.

“Dada, si unaona?” mume akaniambia. “Mwenyewe alikubali.”

Ni kweli, alikubali. Nikaendelea kufunua. Kurasa chache mbele, kwa mwandiko ule ule: “Kinanda kimeuzwa: simtanki lita 2,000.” Kinanda kilikuwa cha mume. Alikuwa anapiga muziki tangu sekondari, na kabla ya kuoa watu walikuwa wakimkodi kwenye harusi. Miaka yote hiyo maji yanatoka kwenye tanki lile, na hakuna aliyewahi kumwuliza mwenzake habari za mstari wake.

Sasa nionyesheni mkosaji hapo.

Ninachotaka kieleweke, na ndicho kinachonikera kuliko yote, ni hiki: ridhaa ina tarehe. Yule dada aliridhia jambo moja, kabla ya masika fulani, kwa sababu ya paa. Hakuridhia miaka tisa ya mapokezi. Lakini baada ya paa likaja lipu, baada ya lipu fensi, baada ya fensi vyumba vya kupangisha, na kila hatua ilichukuliwa kana kwamba ile “sawa” ya siku ya kwanza bado inafanya kazi. Hakuna siku waliyokaa wakasema: paa tayari, zamu ya nani sasa? Wakwe ndio wanaofanya hivyo kuwa vigumu zaidi, maana mwenye kuuliza zamu yake anaonekana hana shukrani. “Wakishahamia kwao watatulia,” wanasema. Wamehamia. Wametulia kweli, hawasemezani.

Na watasemezana saa ngapi? Baba anaondoka saa kumi na nusu alfajiri kuiwahi foleni ya Morogoro Road, watoto wanapakiwa kwenye basi wakiwa bado na usingizi, mama anafuata. Kurudi ni saa mbili, saa tatu usiku. Jumamosi kuna kikao cha harusi, kuna michango, kuna sare ya kitenge ambayo lazima ishonwe, kuna msiba. Jumapili ibada, jumuiya, kumkagua fundi. Asipotokea mmoja, watu wanauliza kulikoni. Wanaonekana pamoja kila mahali ila mezani kwao.

Kuna na hii ya fensi. Wale wa daftari walipokuwa wamepanga Magomeni, chumba na sebule, wakigombana mpangaji mwenza anakohoa ukutani, asubuhi mama mwenye nyumba anamwita mmoja uani. Sasa wana ukuta wa tofali za inchi sita na jirani wanamjua kwa honi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango; hawa mlango wenyewe hatuufikii. Lakini sitawadanganya kwamba ule uani ulikuwa pepo. Yule mama mwenye nyumba alikuwa na dawa moja tu, vumilia, na aliigawa kwa wanawake. Sijui kama waliotulizwa uani walikuwa na nafuu kuliko wanaonyamaza ndani ya fensi. Vitabu vyetu vya ushauri havigusi suala hilo kwa sababu havikuandikwa na mtu aliyewahi kupanga Magomeni.

Nikifika kwenye vitabu, mtafiti wa ndoa John Gottman na wenzake kule Seattle, Marekani, waliwarekodi wanandoa wakibishana, wakafuatilia nani anaachana. Mawili ya kwao nayatumia kila siku. Moja, kwa hesabu yao kiasi cha asilimia 69 ya migogoro ya wanandoa haimaliziki, inaendeshwa tu. La pili, kinachobomoa kuliko vingine ni dharau: macho kupindishwa, kejeli, ile “haya, msomi”. Hilo nimeliona kwa macho yangu na sina ubishi nalo. Ile sifa ya kwamba wanaweza kutabiri talaka kwa zaidi ya asilimia 90 ndiyo nina wasiwasi nayo, kwa sababu kanuni ilitengenezwa kwa wanandoa ambao matokeo yao yalikwishajulikana, na kutabiri mechi iliyokwisha si kazi. Halafu wale ni Wamarekani. Wa kwetu wengi hawapindishi macho. Wa kwetu wanapakua chakula vizuri, wanasema “karibu baba Neema”, wanakwenda kulala chumba cha watoto. Dharau yenye adabu hivyo sijaona aliyeipima.

Sasa ndoto zenyewe. Hapa nitachukua nafasi, na akina dada watanivumilia.

Imezuka imani nyingine, upande wa pili wa ile ya wakwe, nayo inanichosha vile vile: kwamba kila mwenye ndoto aliyoolewa nayo akaiacha, ameibiwa. Si kila mara. Ndoto isiyojaribiwa haina doa. Haijawahi kulipa kodi ya fremu, haijawahi kukimbiwa na mteja. Inakaa kabatini ikizidi kupendeza, na siku ya ugomvi inatolewa kumpigia mtu: “Mimi nisingeolewa na wewe, saa hizi ningekuwa…” Na mwanaume naye anayo. Mwanaume wa pembezoni asiyekuwa na ndoto iliyosogezwa mbele sijakutana naye, ila yeye amefundishwa kwamba kujenga ndiyo ilikuwa ndoto, kwa hiyo akijisikia mtupu siku ya kuhamia anadhani ni malaria.

Ndiyo maana mtu akiniambia ameibiwa ndoto simkatalii wala simpigii makofi. Namwuliza: ukipata Jumamosi mbili zisizo na kikao wala msiba, utafanya nini? Wengine wanajibu hata sijamaliza kuuliza: nitakwenda Kariakoo kuulizia bei ya ovaloki iliyotumika, nitaongea na fulani. Hao wana ndoto. Wengine wanaanza kuniambia tena habari za mume. Hao wana dai, na dai ni halali, lakini halitibiwi kwa cherehani. Ukivichanganya hivyo viwili utamnunulia mtu mashine, ashone mapazia mawili, mashine ikae sebuleni imefunikwa kitambaa, na ugomvi uendelee pale pale sasa ukiwa na mashine.

Ndoto ya kuhama ndiyo hatari zaidi. Wanandoa wamechoka, mmoja anakuja na neno: Canada. Au parachichi Njombe. Wiki tatu hivi nyumba inachangamka, wanakaa mpaka usiku wa manane kwenye simu wakiangalia bei za mashamba, wanashikana tena mikono. Mimi wiki hizo huwa na hofu. Mara nyingi mmoja anaamini na mwingine anafurahia tu kuona mwenzake kafurahi, na hathubutu kusema. Siku mume akipandishwa cheo, au mimba ikiingia, safari inakufa, na aliyeamini anaanguka kutoka juu zaidi ya alipokuwa. Wanaokwenda kweli wapo. Wanakwenda na ndoa ile ile, kwenye sanduku lile lile.

Yule mwanasheria kijana aliniambia sheria yenyewe inataka kosa. Siyo. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 msingi wa talaka ni mmoja: ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika. Uzinzi, ukatili, kutelekezwa na mengine yaliyoorodheshwa ni ushahidi ambao mahakama inaweza kuupokea, na hata ukithibitisha mojawapo hupati talaka kama haki ya moja kwa moja. Ila lazima kwanza mpite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano, na hati yake ya kwamba limeshindwa kuwasuluhisha iwe haijapita miezi sita mnapofungua shauri. Na barazani, kwa niliyoyaona, swali la kwanza ni “kakukosea nini?” Mtu hawezi kumjibu mzee wa baraza “hela ya cherehani iliingia kwenye kenchi”. Kwa hiyo anasema ananitukana, ana wanawake. Mwenzake anajibu kwa uongo mkubwa zaidi. Waliingia na huzuni, wakatoka maadui.

Na lile daftari jeusi, kwa taarifa ya waume wenye kuhifadhi risiti, halikulindi kama unavyodhani. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali, ingawa rufaa yake mwenyewe haikufanikiwa. Daftari limeandika “chakula cha mafundi” na bei ya mchele. Halikuandika nani aliamka kuupika kabla ya kwenda kazini.

Kuna linalonisumbua kuhusu kazi yangu mwenyewe. Mimi sipunguzi foleni, sifuti mkopo. Kuna wanandoa nawasikiliza nikiwaza kwamba wangelala saa mbili zaidi kwa siku wasingenihitaji. Na kuna wengine ambao kabla hawajaja kwangu walikuwa wamezoea. Nikawafundisha kusema, wakasema, wakaachana. Kama niliwasaidia, sina namna ya kujua.

Wale wa daftari hawajaachana. Walifanya jambo lililoziudhi familia zote mbili: waliipangisha nyumba, geti na simtanki vikiwemo, wakarudi vyumba viwili Magomeni, dakika chache kutoka kazini kwa mume. Mke ana ovaloki iliyotumika, anashona jioni, na hela bado haijaonekana. Kinanda hakijanunuliwa. Wanagombana, sasa kwa sauti, kwa sababu ya nafasi.

Mama mkwe alinipigia. Alitaka nimwambie ni nani aliyewaroga mpaka wakaacha kwao wakarudi kupanga, na nimshauri mwanawe arudi nyumbani kabla watu hawajajua. Nilimwambia, mama, shikamoo, ndani kuna mpangaji, na mkataba ni wa mwaka.