Neno "hivyo" katika insha ya historia ya dunia

Kwa miaka mingi nimefundisha historia ya dunia katika madarasa ya juu ya sekondari, na kila ninapopokea rundo la kwanza la insha za mwaka, neno ninalolizungushia duara mara nyingi kuliko yote ni "hivyo". Tarehe huwa sahihi, na majina ya wafalme na mikataba huandikwa bila kosa, lakini "hivyo" huwekwa kati ya tukio na tukio kama daraja lisilo na nguzo. Mfano ninaokutana nao karibu kila mwaka, kwa maneno haya au yanayofanana nayo, ni huu: "Wahispania walianza kuchimba fedha Potosí mwaka 1545, hivyo nasaba ya Ming ilianguka mwaka 1644."

Sentensi hiyo si ya kudharauliwa, kwa kuwa ndani yake mna jambo kubwa ambalo wanahistoria wamelijadili kwa miongo kadhaa. Kasoro yake ni kwamba kati ya nusu ya kwanza, iliyo Amerika Kusini, na nusu ya pili, iliyo China chini ya watawala wa Ming, kuna miaka 99 na bahari kubwa kuliko zote duniani, na mwandishi hakuvuka hata kimoja. Katika madarasa ya chini mwanafunzi huulizwa nini kilitokea na lini. Katika madarasa ya juu huulizwa kwa nini, kwa njia gani na kwa kiasi gani, na maswali hayo matatu hayajibiwi kwa kupanga tarehe mbili sambamba. Ndiyo maana zoezi langu la kwanza huwa ni kuichukua sentensi ya namna hii na kuivunja "hivyo" yake kiungo kwa kiungo, kila kiungo kikieleza nani alifanya nini na kwa nini ilimfaa kufanya hivyo.

Tunaanzia mlimani. Potosí, katika Bolivia ya leo, iko kwenye mwinuko wa mita 4,000 hivi. Mawe ya juu yalikuwa na fedha nyingi, na mafundi wa Andes waliyayeyusha katika tanuru zao za jadi, lakini mawe hayo bora yalipopungua uzalishaji nao ulishuka. Uliinuka tena katika miaka ya 1570 kwa sababu mbili zilizokwenda pamoja. Ya kwanza ni njia ya kutenga fedha kwa zebaki, ambayo ilichimbwa Huancavelica, Peru. Ya pili ni mita, utaratibu wa kazi za zamu uliokuwapo tangu enzi za Wainka, ambao gavana mkuu Francisco de Toledo aliugeuza kuwa kazi ya lazima: mikoa iliyopangiwa ilitakiwa kutoa kila mwaka takriban mtu mmoja katika kila wanaume saba. Siruhusu kiungo hiki kirukwe. Ninasoma insha nyingi ambamo fedha "ilimiminika" kutoka Amerika kama maji ya mto, ilhali mizigo mingi ilipandishwa ngazi za mgodi migongoni mwa watu ambao hawakuchagua kuwa pale.

Kiungo cha pili ni safari. Manila, katika Ufilipino, ilifanywa makao ya Wahispania mwaka 1571, na meli zilizobeba fedha kutoka Acapulco, Meksiko, hadi Manila, kisha zikarudi na hariri na vyombo vya kaure, ziliendelea hadi 1815. Kwa nini mfanyabiashara aihatarishe mali yake kuvuka Pasifiki? Mwishoni mwa karne ya 16, kiasi kile kile cha fedha kiliweza kununua nchini China dhahabu karibu maradufu ya ile ambayo kingenunua Ulaya. Tofauti hiyo ya bei ndiyo iliyoisukuma meli.

Kiungo cha tatu ndicho kinachowakwamisha wengi, kwa kuwa wanakitafuta Uhispania wakati kiko China. Noti za karatasi za nasaba ya Ming zilikuwa zimepoteza thamani katika karne ya 15, na watu wakazoea kulipana kwa fedha iliyopimwa kwa uzito. Serikali nayo ilianza kuunganisha kodi na kazi za lazima kuwa malipo ya pamoja ya fedha, mageuzi yanayojulikana kama Mjeledi Mmoja, ambayo waziri Zhang Juzheng aliyaeneza nchi nzima kuanzia mwaka 1581 hivi. Kuanzia hapo mkulima aliyevuna mpunga alilazimika kutafuta fedha ili alipe kodi. Mahitaji ya mamilioni ya wakulima hao ndiyo yaliyoivuta fedha kutoka Japani, tena kwa wingi, na kutoka Amerika. Mwanafunzi anayelishika jambo hili huacha kuiona China kama nchi iliyokaa ikingoja kufikiwa, na kwangu huo ni ushindi mkubwa kuliko kukumbuka mwaka wa 1545. Msomaji wa Kiswahili anao msaada wake hapa, kwani lugha yetu huita madini haya na pesa zenyewe kwa neno moja, fedha, na sarafu ya zamani tuliyoiita reale ilichukua jina lake kutoka real ya Kihispania.

Kiungo cha mwisho ni anguko lenyewe, na hapa wataalamu hawakubaliani. William Atwell alitoa hoja kwamba kupungua kwa fedha iliyoingia China karibu na mwaka 1640, wakati biashara ya Manila ilipoyumba na Japani ilipowafukuza Wareno, waliosafirisha fedha yake kwenda China, mwaka 1639, kuliidhoofisha dola. Richard von Glahn alizipitia upya takwimu za uingizaji na kupinga kwamba upungufu huo ulikuwa mkubwa kiasi hicho. Pembeni ya mjadala huo kuna ukame, baridi kali, njaa, magonjwa ya mlipuko na gharama za vita dhidi ya Wamanchu wa kaskazini. Li Zicheng, kiongozi wa waasi walioiteka Beijing mwaka 1644, aliwahi kufanya kazi katika vituo vya posta vya serikali, ambavyo vilipunguzwa ili kubana matumizi.

Baada ya vipindi viwili au vitatu vya kazi hii, sentensi ya kwanza huandikwa upya hivi: "Kwa kuwa kodi ya Ming ilidaiwa kwa fedha ambayo sehemu yake kubwa ilitoka nje, dola ilikuwa katika hatari pale biashara ya nje ilipoyumba, lakini njaa na vita vya kaskazini vinaeleza anguko lake kwa ukaribu zaidi." "Hivyo" imetoweka. Mahali pake pamekuja utaratibu unaoonekana na kipimo cha uzito wa kila sababu, na hicho ndicho mtahini anachokitafuta.

Kila kiungo husimama juu ya chanzo, na chanzo nacho huhojiwa. Kwa kazi hii ninapendelea aya fupi ya Ibn Battuta, msafiri wa Moroko wa karne ya 14, kuhusu Kilwa, aliyoitembelea mwaka 1331. Anausifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa kwa ustadi, kisha matini ya Kiarabu kama ilivyochapishwa inasema kwamba wote umejengwa kwa mbao. Ninawapa wanafunzi aya hiyo pamoja na picha za magofu: Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe, na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule ambaye msafiri huyo anamtaja kwa ukarimu wake. Darasa hunyamaza kidogo, kisha mmoja husema, "Basi alidanganya." Ninamwomba asubiri. Maelezo hayo yaliandikwa na Ibn Juzayy, karani wa sultani wa Moroko, kwa kusikiliza simulizi la msafiri, na yakakamilika mwaka 1355, zaidi ya miaka 20 baada ya safari. Sehemu nyingine za kitabu, kama zile za Dameski, zimechukuliwa kutoka kwa Ibn Jubayr, msafiri aliyetangulia. Wanaonakili kwa mkono nao huweza kubadili neno. Tena huenda nyumba nyingi za watu wa kawaida hazikuwa za mawe, na magofu yanatuonyesha tu kile kilichoweza kudumu. Swali basi si kama Ibn Battuta ni mkweli au mwongo, bali ni jambo gani aya yake inaweza kulithibitisha na lipi haiwezi. Ukarimu wa sultani kwa wageni wa dini inaweza kulishuhudia vizuri, kwa sababu hilo ndilo lililomgusa msafiri mwenyewe.

Kuhusu mtihani nina machache ya kusema. Tumia dakika za mwanzo kupanga viungo kabla ya kuandika, na usijaze insha tarehe ambazo hazibebi hoja.

Kwa anayetaka kujaribu, hii hapa sentensi ninayowapa wanafunzi wangu baada ya ile ya Potosí: "Mapinduzi ya Ufaransa yalianza mwaka 1789, hivyo watumwa wa Saint-Domingue waliasi mwaka 1791." Saint-Domingue ilikuwa koloni la Ufaransa, Haiti ya leo. Anza na Vincent Ogé, mtu huru wa koloni hilo mwenye asili ya mchanganyiko aliyedai haki za kisiasa kwa watu wa tabaka lake na kuuawa mapema mwaka 1791. Kisha jiulize waasi wa mwezi wa Agosti walikuwa akina nani, wangapi kati yao walizaliwa Afrika, na walikuja na ujuzi gani wa vita kabla Paris haijatamka neno lolote kuhusu uhuru wao.