Mbwa Mwenye Mzio wa Ngozi: Mazingira ya Nairobi Huchocheaje Mwasho?

Mbwa wangu hujikuna mwaka mzima, lakini mvua zikianza huzidi. Je, hali ya hewa ndiyo chanzo?

Hali ya hewa peke yake haileti mzio (aleji), bali huuchochea kwa mbwa aliyezaliwa na mwelekeo huo, wakiwemo wengi wa aina ya German Shepherd na Labrador, ambao kwa kawaida huonyesha dalili za kwanza kati ya umri wa miezi 6 na miaka 3. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba hustawisha nyasi, nazo zikichanua humwaga chavua, yaani unga wa maua, inayopeperushwa na upepo. Unyevu huo huo hukuza kuvu kutani, pamoja na utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hukaa katika mazulia, makochi na matandiko ya mbwa. Chembechembe za vitu hivi hupenya ngozi ambayo tayari kinga yake ni dhaifu, na ndipo mbwa anapolamba nyayo na kuwashwa kwapani, tumboni na masikioni.

Sijaona kiroboto hata mmoja. Je, bado nimtilie shaka?

Ndiyo, tena kabla ya kitu kingine chochote. Baridi ya Julai jijini haitoshi kuwaangamiza viroboto, na mbwa mwenye mzio wa mate yao hutaabika kwa kuumwa mara chache tu, kisha huwameza anapojilamba, hivyo wewe huoni kitu. Pitisha kitana chenye meno ya karibu mgongoni karibu na mkia, uweke punje nyeusi utakazopata juu ya karatasi nyeupe ya shashi iliyoloweshwa. Zikitoa rangi ya hudhurungi iliyoiva kuelekea wekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto chenye damu ya mbwa wako. Mayai yao huanguka sakafuni, kwa hiyo kumtibu mbwa bila kusafisha nyumba hakutoshi.

Nibadilishe nini nyumbani?

Vichocheo hujumlishana: mbwa anayestahimili chavua peke yake huanza kujikuna chavua inapokutana na viroboto na vumbi. Huwezi kuizuia mvua, lakini unaweza kupunguza mengine. Fua matandiko yake kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi 60, mpanguse nyayo na tumbo kwa kitambaa chenye maji kila arudipo matembezini, na umwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na shampuu ya mbwa, povu likikaa dakika 10. Sabuni ya kufulia humkausha ngozi.

Jirani amenishauri nimpake oili chafu ya gari au dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Tafadhali usifanye hivyo. Oili hupenya ngozi na humezwa anapojilamba, nayo dawa ya ng'ombe ikichanganywa vibaya yaweza kumuua. Mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, au katika kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete. Daktari atakwangua ngozi na kuitazama kwa hadubini kutafuta vijidudu vya upele, ambao huweza kumwambukiza binadamu, kisha atachunguza kama bakteria au hamira, aina ya kuvu wadogo, zimevamia vidonda. Mweleze mwasho ulianza mwezi gani na mbwa hulala wapi.