Kuku wa Kentucky na sufuria ya presha

Wenye migahawa ninaowashauri huniuliza mara kwa mara ni kitu gani hasa mtu anakiuza anapomruhusu mwenzake kutumia jina lake, na mimi huwarudisha Corbin, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, ambako mwaka 1930 Harland Sanders, mwanzilishi wa Kentucky Fried Chicken (KFC), alianza kuwapikia wasafiri waliosimama kwenye kituo chake cha mafuta. Hakuwa na mgahawa wakati huo, bali wageni walikula kwenye meza ya familia yake.

Kilichomsumbua kilikuwa muda. Kuku wa kukaangwa kwenye kikaango cha chuma alihitaji karibu nusu saa, ilhali msafiri ana haraka. Akimkaanga mapema alibaki na kiporo, na akimtumbukiza katika mafuta mengi aliiva upesi lakini, kwa ladha ya Sanders, alikauka mno. Sufuria za presha zilipoingia madukani mwaka 1939 alinunua moja, akaibadilisha ili ikaangie mafuta (sufuria ya kawaida ya nyumbani isijaribiwe hivyo kamwe, kwani inaweza kulipuka), na mvuke uliobanwa humo ukaivisha nyama kabla haijapoteza maji yake. Nina hakika kwamba biashara ilizaliwa hapo, kuliko kwenye vile viungo 11 vya siri vya kuku huyo vinavyosifiwa, kwa kuwa kuku mtamu alipatikana katika nyumba nyingi za Kentucky, ila njia ya kumpika upesi kwa ladha isiyobadilika ndiyo iliyoweza kufundishwa kwa mtu mwingine.

Wa kwanza kufundishwa alikuwa Pete Harman, mwenye mgahawa wa Salt Lake City katika jimbo la Utah, mwaka 1952, na jina la Kentucky Fried Chicken lilibuniwa huko huko na Don Anderson, mchora mabango wa Harman.

Barabara kuu mpya ilipopangwa kuipita Corbin kando, Sanders aliuza mgahawa wake mwaka 1956, akabakiwa na pensheni ya dola 105 kwa mwezi. Akiwa na miaka 65 alizunguka kwa gari akiwapikia wenye migahawa jikoni mwao wenyewe, na aliyeridhika alimlipa senti chache kwa kila kuku aliyeuzwa, huku akiendelea kumiliki mgahawa wake. Viungo mwenye mgahawa huyo aliletewa vikiwa vimeshachanganywa na kufungashwa na Claudia, mke wa Sanders, hivyo siri ya mchanganyiko ikabaki nyumbani kwao hata wapishi walipozidi kuongezeka. Sanders alipoiuza kampuni mwaka 1964 kwa dola milioni 2, kuku huyo alikuwa akipikwa katika migahawa zaidi ya 600.