Mafunzo ya walimu wa masomo ya jamii Lindi na Mtwara: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Historia na Maarifa ya Jamii hayahitaji mafunzo. Mwenye kitabu anafundisha.

Hii imetuumiza kuliko zote. Mwalimu wa Hisabati akikosekana, wazazi hulalamika hadi kwa ofisa elimu kata. Akikosekana wa Historia, kipindi anapewa yeyote asiye na kazi saa ile. Anajaza ubao, watoto wananakili, kengele inalia.

Chukua Vita vya Maji Maji. Vilianzia huku huku kwetu, Nandete katika milima ya Umatumbi, wilayani Kilwa, Julai 1905, watu walipong'oa miche ya pamba waliyokuwa wakilazimishwa kuilima. Mwalimu ambaye hajaandaliwa hutoa sababu tano za vita na sababu tano za kushindwa, amemaliza. Aliyeandaliwa huanza na ile miche. Kwa nini waanze na pamba? Nani aliuza pamba ile, na wakati mtu yuko kwenye shamba la akida, yaani ofisa aliyewekwa na Wajerumani kusimamia vijiji, shamba lake la chakula lilipaliliwa na nani? Mtoto wa mkulima hashindwi kujibu swali hilo, na akishajibu, zile sababu tano anazitoa mwenyewe. Kuuliza hivyo ni ufundi, na ufundi hufundishwa.

Kuna pia ufundi wa kuwahoji wazee. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam walizunguka vijijini kukusanya masimulizi ya wazee waliokuwa bado wanaikumbuka vita hiyo, na sehemu kubwa ya tunachokijua leo inatokana na kazi ile. Kwa hiyo anayesema masimulizi ya babu si historia hajui vitabu anavyofundishia vilitoka wapi.

Dhana: Mafunzo ni semina ya mjini yenye posho.

Semina zipo na zina faida yake, hasa mtaala unapobadilika. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika 2024 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, na Jiografia na Mazingira, na ni haki ya mwalimu kuelekezwa. Lakini mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, umeweka mzigo mkubwa shuleni kwenyewe, katika jumuiya za ujifunzaji: walimu wa shule moja wanakaa pamoja, wanachagua mada inayowasumbua, wanaandaa somo, mmoja analifundisha, wengine wanatazama, kisha wanarudi kulijadili.

Jaribuni hili mkikaa. Mwenzenu akiwa darasani, mmoja aandike kila swali analouliza. Baadaye yasomeni mezani, mkitenga yanayotaka kumbukumbu (lini, nani, wapi) na yanayotaka mtoto afikiri (kwa nini, tunajuaje, ingekuwaje). Karatasi hiyo moja inaonyesha mengi kuliko hotuba ya siku nzima, na haimvunjii mtu heshima, kwa sababu kinachojadiliwa ni maswali.

Niseme wazi: jumuiya ya kusaini mahudhurio na kupiga picha ya kutuma kwenye kundi la WhatsApp haimsaidii mtu. Mwalimu mkuu asipoitengea muda kwenye ratiba, inakufa.

Dhana: Vyanzo vya kufundishia viko Dar es Salaam au Ulaya.

Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, kilima kilichoko huku Lindi, ndiyo, iko Berlin, Ujerumani. Ilichimbwa kati ya 1909 na 1913. Lakini walioichimba wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi walikuwa watu wa huku, na njia waliyopita iko Lindi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Mikindani ina boma la Wajerumani. Nachingwea inafundisha mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 ukavunjika mapema miaka ya 1950, pamoja na reli ya kutoka Mtwara ambayo leo haipo tena. Na kama nauli haipatikani, ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, liko jirani: safari ya gunia la korosho kutoka kwa mkulima, kupitia stakabadhi ghalani (mazao yanahifadhiwa ghalani kwa risiti hadi yauzwe), hadi mnadani, ni somo zima la uchumi na uraia.

Walimu waende kwanza wao wenyewe, bila watoto, waandae maswali wakiwa palepale. Ziara isiyoandaliwa huwa matembezi tu.

Kuhusu wale wanaosema kujiendeleza ni kusoma shahada: shahada ni njema, isomwe. Ila haikufundishi namna ya kuendesha mjadala wenye watoto themanini.

Dhana: Mwalimu lazima awe na jibu moja.

Hofu hii ndiyo inawafanya wengi wakimbilie kunakilisha. Mzee wa kijiji kimoja atasema hivi, wa kijiji cha pili atasema vingine, kitabu nacho kina lake. Walimu wakizoezwa, hawaifichi tofauti hiyo. Wanaandika masimulizi yote matatu ubaoni na kuwauliza watoto: nani alikuwepo, nani alisimuliwa, na kila mmoja alikuwa na sababu gani ya kusema alivyosema? Shule mbili tatu za kata moja zinaweza kuanza na hilo muhula huu, kila moja ilete masimulizi ya mzee mmoja, na walimu wayapitie pamoja kabla hayajaingia darasani.