Mashine ndefu si lazima iwe mashine ya bakuli

Hapa Goma, fundi akitafuta mashine ya kukereza mabakuli kwa pesa kidogo, huambiwa: chukua ndefu, ndiyo bora. Si kweli. Urefu unamfaa anayekereza miguu ya meza na nguzo za kitanda. Bakuli hufungwa upande wa mota, na kina chake mara nyingi hakifiki sentimita 15.

Pima kutoka katikati ya ekseli inayozungusha bakuli hadi kwenye reli za chini za mashine. Ukipata sentimita 15, bakuli lako halitafika sentimita 30 upana.

Kisha uliza inaweza kuzunguka polepole kiasi gani. Hapa ndipo ninaposisitiza kuliko kote. Kipande kibichi cha mti wa avoka hakina uzito sawa pande zote. Kikiwa na upana wa sentimita 30, kwa mizunguko 1000 kwa dakika ukingo wake unakimbia karibu kilomita 57 kwa saa, na kikichomoka kinaweza kukuvunja uso. Tafuta mashine inayoshuka hadi 400 au chini zaidi.

Ni nyepesi, inatikisika? Pakia mawe ya volkano yetu ya Nyiragongo kwenye stendi yake, chini. Pesa iliyobaki inunue kinga ya uso kwanza, halafu patasi moja nzuri ya bakuli.